Namna ya Kupata Besi Iliyoshiba kutoka Spika ya Bluetooth: Mwongozo Kamili kwa Sebule ya Tabora

Mtu anaponunua spika ya Bluetooth mjini Tabora, mara nyingi huijaribu kwanza dukani, ikiwa imebanwa kwenye rafu katikati ya maboksi, katika chumba chembamba ambacho ukuta wake uko karibu kila upande. Hapo humpendeza. Akifika nyumbani Isevya au Ng'ambo na kuiweka juu ya meza ya kioo katikati ya sebule, mdundo ule hausikiki tena, na wazo la kwanza linalomjia ni kwamba amebadilishiwa mzigo. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kurudi dukani na risiti, inafaa ajue kwamba besi haitoki kwenye spika peke yake. Hutengenezwa na spika, chumba na mahali msikilizaji alipokaa, vyote vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana hatua nyingi za mwongozo huu hazitaki hata shilingi, na ekwalaiza, yaani vidhibiti vya simu au spika vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine, ambayo wengi huikimbilia mwanzoni, nimeiweka karibu na mwisho.

Fahamu kwanza kile ambacho spika yako inaweza

Masafa ya sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na ngoma kubwa ya drams, ile inayopigwa kwa mguu, hutoa nguvu yake nyingi kati ya hezi 50 na 100. Ili kutoa sauti hiyo, spika hulazimika kusukuma hewa nyingi. Kila masafa yanaposhuka kwa nusu, kwa mfano kutoka hezi 100 hadi 50, koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetema, inatakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi ili sauti ibaki na ukubwa ule ule. Koni yenye upana wa sentimita 5 haina nafasi ya kufanya hivyo, hata ikiwa kwenye boksi pameandikwa wati 1,000 za PMPO. Namba hiyo ya PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua tu, ni ya kupamba boksi. Namba ya kutazama ni ya RMS, yaani nguvu ambayo spika huweza kuitoa mfululizo.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili, na ndiyo sababu spika nyingi ndogo huwa na tundu la hewa nyuma, au diski mbili za mpira pembeni ambazo hazina waya wala sumaku bali husukumwa na hewa iliyomo ndani. Zaidi ya hapo, sikio la binadamu hukopesha: likisikia hezi 82 na 123 za uzi ule wa gitaa, hujaza lenyewe ile 41 ambayo haikutoka. Kwa hiyo spika ndogo haihitaji kufika chini kabisa ili wimbo usikike mzito. Inachohitaji ni kutonyang'anywa kile kidogo ilicho nacho.

Chagua pia kipimo cha haki. Tabora ni mji wa dansi. Kiko Kids Jazz, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zote zilikuwa bendi za hapa, na wapo wazee ambao hawasikilizi kingine. Hata hivyo, rekodi za zamani hazikubeba besi ya chini kama muziki wa siku hizi, na spika haiwezi kutoa kitu ambacho hakikurekodiwa. Kwa majaribio, tumia wimbo mmoja wa karibuni unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalotembea nota kwa nota na si kudunda mahali pamoja, na uuache huo huo mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya kwanza: chaji betri hadi ijae

Hatua hii ni fupi, ila hupuuzwa. Spika nyingi zinazotumia betri hupunguza besi zenyewe chaji inapokaribia kwisha, kwa kuwa besi ndiyo inayokula umeme kuliko sauti nyingine zote. Baadhi hutoa mdundo mkubwa zaidi zikiwa zimechomekwa kwenye umeme, mradi chaja iwe na nguvu inayotakiwa. Chaja dhaifu ya simu ya zamani haitoshi. Jaribu hali zote mbili kwa wimbo ule ule. Wakati huohuo, kama spika yako ni ile isiyopitisha maji, hakikisha kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kimefungwa sawasawa unaposikiliza bila waya, kwa sababu katika baadhi ya spika hewa hupenya hapo na kutoa mlio wa kukoroma.

Hatua ya pili: isogeze

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sauti ya besi haiendi mbele tu kama mwanga wa tochi. Huizunguka spika na kuenea pande zote, na spika ikiwa katikati ya chumba juu ya stuli nyembamba, sehemu kubwa ya besi yake huenda mahali ambapo hujakaa. Ukiisogeza karibu na ukuta, sauti iliyokuwa ikienda nyuma hugonga na kurudi mbele karibu sambamba na ile ya kwanza, kwa kuwa wimbi la besi ni refu mno kuliko pengo hilo dogo: katika joto la nyuzi 25, sauti hukimbia mita 346 hivi kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kinadharia, kila uso mpana na mgumu unaowekwa karibu na spika, yaani sakafu, ukuta mmoja, kisha ukuta wa pili, huongeza besi hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Chumbani hupatikana pungufu ya hapo, lakini sikio hutambua tofauti mara moja. Kupata desibeli 6 hizo kwa umeme kungedai nguvu mara nne, ambazo betri ya spika ndogo haina.

Anza, basi, kwa kuiweka spika sentimita 10 hadi 15 kutoka ukuta wa tofali, ikitazama mahali unapokaa. Usiibandike kabisa, hasa kama tundu lake la hewa liko nyuma, kwa sababu tundu likizibwa besi hupungua badala ya kuongezeka. Kama ina diski za mpira pembeni, ziache zipumue pande zote mbili. Nimeona spika iliyochomekwa kati ya televisheni na chombo cha maua huku mwenyewe akilalamika kwamba imekufa. Sikiliza wimbo wako wa kipimo kwa dakika mbili, kisha ihamishie kwenye kona na usikilize tena. Kona huongeza zaidi, na kwa spika ndogo nyongeza hiyo huwa ni baraka. Kwa spika kubwa inaweza kuzidi, nota zote zikageuka kuwa mvumo mmoja. Ukiona hivyo, isogeze kidogo kidogo kufuata ukuta mmoja hadi gitaa la besi lianze kusikika nota moja moja.

Umbali wa kuepuka ni ule wa katikati. Spika inapokuwa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi huwa imechelewa kwa nusu wimbi katika masafa ya hezi 86 hivi, na hapo mawimbi mawili hufutana, yaani katikati kabisa ya mdundo wa ngoma. Ama isogeze karibu sana na ukuta, ama ipeleke mbali. Nusu safari haisaidii.

Kimo nacho kina maana. Spika juu ya kabati refu imeiacha sakafu, na ile inayoning'inizwa msumarini kwa kamba imeacha karibu kila kitu. Jaribu kuiweka sakafuni au kwenye stuli fupi nzito. Kama sauti za waimbaji zitafifia kwa kuwa chini mno, iinue sehemu ya mbele kwa kipande cha ubao ili ielekee usoni mwako.

Kuna mazoea ya kuiweka spika au simu ndani ya ndoo au sufuria ili ilie kwa nguvu. Kweli italia kwa nguvu, lakini kinachoongezeka ni sauti za kati, zenye mamia ya hezi, ambazo hufanya muziki usikike kana kwamba unapigwa ndani ya pipa. Besi haikuongezeka hata kidogo.

Hatua ya tatu: hamisha kiti, au tafuta mahali kwa kutambaa

Chumba chenye kuta za tofali na sakafu ya saruji kina masafa yake kinayoyapenda. Sebule yangu ni ya futi 12 kwa 10, yaani mita 3.66 kwa 3.05. Kwa urefu wake, wimbi lenye nusu inayoenea toka ukuta hadi ukuta ni la hezi 47 hivi, na kwa upana wake ni la hezi 57. Masafa hayo hujaa sana karibu na kuta na kufifia kabisa katikati. Kwa hiyo mtu aliyekaa katikati ya sebule yuko kwenye shimo la besi, huku aliyeegemea ukuta wa nyuma akilalamika kwamba mdundo unamzidi, na wote wawili wanasema kweli. Masafa yaliyo mara mbili ya hayo, kama hezi 94, hufanya kinyume: hujaa ukutani na katikati, na kufifia kwenye robo ya urefu wa chumba. Ndiyo sababu kulisogeza kochi kwa nusu mita tu kunaweza kubadilisha wimbo mzima.

Ikiwa kochi haliwezi kuhama, na katika vyumba vyetu vya kupanga aghalabu haliwezi, ipo njia ya kinyume ambayo mafundi wa sauti huitumia kupanga sabufa. Weka spika juu ya kochi, mahali ambapo kichwa chako huwa, kisha cheza wimbo wa kipimo. Halafu tembea ukiwa umeinama, au utambae, ukipeleka sikio kwenye kila sehemu ambayo ingeweza kukaa spika: kona ya mlangoni, chini ya dirisha, kando ya kabati la mninga. Watoto watacheka, waache wacheke. Mahali ambapo utasikia nota za besi zikiwa nzito na zilizolingana, bila moja kuruka juu ya nyingine, ndipo pa kuiweka spika ukirudi kukaa. Weka alama kwa chaki na urudie mara mbili ili uhakikishe.

Katika nyumba isiyo na dari, ambapo kuta za ndani huishia usawa wa juu ya mlango na bati liko wazi, mambo hubadilika. Besi hupanda na kumwagikia vyumba vingine, na wala huwezi kuizuia kwa pazia. Chagua kona ambayo kuta zake mbili zimefika hadi kwenye paa, kaa karibu na spika kiasi cha mita moja na nusu, na ufunge mlango. Barazani hali ni ngumu zaidi, maana hakuna ukuta wa kurudisha kitu. Iegemeze kwenye ukuta wa nyumba, chini kabisa, na ukubali kwamba masika yakinyesha juu ya bati hakuna spika itakayoshinda.

Watu huuliza kuhusu mazulia na mapazia. Hayo hunyonya sauti nyembamba tu, kwa sababu kitu cha unene wa sentimita moja hakimwoni mgeni mwenye urefu wa mita 7. Hata hivyo yana faida yake: katika sebule tupu yenye vigae, sauti nyembamba hugongagonga hadi zikaifunika besi, na mkeka mpana pamoja na pazia zito huzituliza, hivyo besi ileile ikasikika zaidi.

Hatua ya nne: nyamazisha vinavyotetema

Mlio wa kitu kilicholegea hudhaniwa kuwa ni spika iliyopasuka. Pakua programu ya simu ya kuzalisha mlio wa masafa, weka sauti ya wastani, anza kwenye hezi 60 na upande polepole hadi 200. Usizidishe sauti katika zoezi hili, kwani mlio mmoja wa chini unaoendelea huichosha koni kuliko muziki. Kila kitu chumbani kitajitaja kwa zamu yake: vikombe kabatini, king'amuzi kilicholazwa juu ya deki, kioo cha dirisha kilicholegea, komeo la mlango wa chuma, saa ya ukutani. Gusa kila kinacholia. Kikinyamaza mkononi mwako, umempata mhusika. Karatasi iliyokunjwa hutosha kwa dirisha, na kitambaa kwa vikombe.

Kisha shughulikia kilicho chini ya spika. Meza nyepesi hugeuka kuwa ngoma ya pili isiyojua wimbo. Kandambili kuukuu ni dawa nzuri: kata vipande vinne vya soli vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti na uviweke chini ya spika kwenye pembe zake. Raba hiyo huizuia pia isitembee juu ya vigae, maana spika yenye mdundo hujisogeza yenyewe usiku kucha hadi ikaanguka.

Hatua ya tano: safisha njia ya sauti kwenye simu

Ekwalaiza zinaweza kuwa tatu bila mwenyewe kujua: moja kwenye mipangilio ya simu, ya pili kwenye programu ya muziki, na ya tatu kwenye programu ya spika yenyewe. Zikipandana, matokeo hayatabiriki. Zizime zote, kisha uchague moja tu ya kutumia. Kama spika ina programu yake, tumia hiyo, kwa sababu mtengenezaji ameipima kwa spika hiyo. Sauti ya simu iweke karibu na juu kabisa na urekebishe ukubwa kwenye spika, ikiwa vidhibiti hivyo viwili havijaunganishwa. Bluetooth yenyewe mara nyingi husingiziwa, haikati besi. Nyimbo zilizobanwa mno, kama zile zinazopita simu hadi simu kwenye memori kadi, huharibika kwanza upande wa sauti nyembamba, ingawa zilizorekodiwa upya kutoka spika ya mtu mwingine huwa zimeshapoteza kila kitu.

Hatua ya sita: ekwalaiza, kwa kupunguza kabla ya kuongeza

Simu nyingi za Android huonyesha vidhibiti vitano: hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Kosa la kawaida ni kukisukuma cha 60 hadi juu. Spika ndogo haiwezi kutoa masafa hayo, kwa hiyo nguvu hupotea bure, koni hupiga mwisho wake, na kinga iliyomo ndani hupunguza sauti yote ili isiungue. Unachosikia ni muziki unaopumua, ukipanda na kushuka kila ngoma inapopigwa.

Fanya kinyume. Kiache cha 60 kwenye sifuri. Shusha cha 230 kwa desibeli 2 au 3. Hapo ndipo penye ule uzito wa uongo, sauti ya ndani ya debe, ambao huziba besi ya kweli. Shusha cha 910 kwa 1, na cha 14,000 kwa 1 ikiwa sebule ni tupu. Sasa pandisha sauti yote kwa ujumla hadi waimbaji warudi walipokuwa. Besi itakuwa imejitokeza bila spika kudaiwa nguvu isiyo nayo. Baada ya hapo tu, kama koni ni ya sentimita 8 au zaidi, ongeza cha 60 kwa desibeli 1 au 2 na usikilize kama gitaa bado linasikika nota kwa nota.

Kuna jambo la sikio ambalo haliwezi kuepukika. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza usikivu wa besi haraka kuliko wa sauti za kati. Wimbo ulioupanga saa nane mchana kwa sauti kubwa utaonekana mwembamba saa nne usiku, ingawa hakuna kilichobadilika. Kwa usikilizaji wa usiku, hifadhi mpangilio wa pili wenye besi iliyoongezwa kidogo. Kwa kuwa sauti ni ndogo, spika ina nguvu ya akiba ya kuubeba.

Hatua ya saba: spika ya pili, au sabufa

Spika mbili za aina moja zinazoweza kuunganishwa huongeza besi hadi desibeli 6 zikiwekwa bega kwa bega. Ukizitenganisha kulia na kushoto utapata upana wa muziki, lakini nyongeza ya besi itapungua. Binafsi huziweka pamoja kwenye kona wakati wa sherehe na kuzitenganisha ninapokaa peke yangu.

Ikiwa hata baada ya haya yote mdundo haukukutosheleza, tatizo ni ukubwa wa koni, na fedha ya spika ya pili ni heri iwekwe kwenye sabufa yenye Bluetooth na koni ya inchi 6 au 8. Boksi lake liwe la mbao nzito. Ligonge kwa kidole dukani, na likilia kama debe, liache. Nyumbani iweke sakafuni karibu na ukuta, na kitufe cha besi kianze katikati, si mwisho.

Chagua ukuta huo kwa makini. Tofali huzuia sauti nyembamba vizuri, ila besi hulipenya, na jirani wa chumba cha pili hasikii wimbo bali mdundo mtupu. Weka sabufa kwenye ukuta wa nje, juu ya vile vipande vya kandambili, kisha umwombe jirani akuruhusu usimame chumbani kwake dakika moja huku wimbo ukicheza, ili usikie mwenyewe kiasi kinachomfikia.